Kodi ya majengo kwenye LUKU: Sh1,500 ni ndogo kwa nani?

Jirani yangu hapa Magomeni, Mtwara, anakaanga samaki jioni na amepanga chumba na sebule. Mwanzoni mwa mwezi alinunua umeme wa Sh5,000 kwa LUKU, ule wa kulipa kabla ya kutumia, akanionyesha ujumbe wa tokeni kwenye simu. Uniti hazikufika 10, wakati siku nyingine hela hiyo hiyo humpa uniti 14. Iliyopungua ni Sh1,500 ya kodi ya majengo, imekatwa juu kwa juu. Hakulalamikia kiasi. Alichotaka nimweleze ni kwa nini nyumba iwe ya mwingine na kodi iwe yake.

Swali lake ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu mjadala wa kodi hii hapa mjini huishia kwenye ukubwa wa kiasi peke yake. Wanaoitetea husema hakuna mwenye nyumba anayeshindwa Sh1,500 kwa mwezi. Wanaoipinga husema maisha yamepanda. Wote wana ukweli wao, ila naona wanazozana juu ya jambo ambalo si zito kuliko yote.

Tukumbushane ilikotoka. Miaka mingi kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri zenyewe. Mwaka 2016 kazi ya kuikusanya ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na mwaka 2018 kikawekwa kiwango kimoja: Sh10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, Sh1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikapanda hadi Sh1,500, huku ghorofa mjini ikitozwa Sh7,500 kwa kila sakafu. Maana yake, nyumba iliyokuwa inalipa Sh10,000 kwa mwaka sasa inalipa Sh18,000. Ongezeko hilo ni asilimia 80 ndani ya miaka mitano, na bei ya korosho, tunayoitegemea huku, haikwenda kwa mwendo huo.

Hata hivyo utaratibu huu una wema wake, na nisingependa kuupita haraka. Zamani ulikuwa unasubiri ankara, wengine haiwafikii kabisa, kisha siku moja unakuta deni la miaka kadhaa pamoja na faini. Ulipanga foleni na kupoteza siku ya kazi. Leo hakuna foleni, hakuna mtu anayekuja kugonga mlango, na mwenye nyumba aliyezoea kukwepa kwa kujuana na watu naye analipa. Kiwango kimoja nacho kina kinga ambayo watu wa Mtwara tunapaswa kuithamini kuliko wengine. Matumaini ya gesi asilia ya huku yalipopamba moto, viwanja vya huku vilipanda bei ghafla. Kodi ingefuata thamani ya soko miaka ile, bibi anayeishi kwenye nyumba ya urithi karibu na bahari angetozwa kwa utajiri ambao hakuwahi kuushika mkononi, maana hakuwa na nia ya kuuza. Gesi ikatulia, bei zikashuka, naye deni lingebaki palepale.

Lakini kinga hiyo hiyo inamlinda na asiyehitaji kulindwa. Nyumba kubwa ya chini, yenye ukuta, geti na bustani, inalipa Sh1,500. Nyumba ya vyumba vitatu ya tofali za kuchoma kule Mikindani, ambayo choo chake bado kipo nje, nayo inalipa Sh1,500. Sidhani dawa ni kurudi kwenye uthamini wa nyumba moja moja, kazi ya gharama na yenye ugomvi usiokwisha. Yangetosha madaraja matatu au manne kwa ukubwa wa jengo na mtaa lilipo, yakaeleweka na kila mtu bila kumwita mthamini.

Kinachouma zaidi ni wakati wa kukatwa. Kwa mtumishi mwenye mshahara kila mwezi, Sh1,500 haionekani. Kwa familia inayoishi kwa korosho, fedha huingia kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa, zikafika mwanzoni mwa mwaka zimekwisha. Kuanzia hapo ni kubangaiza, na kuna wanaouza korosho zikiwa bado mtini kwa walanguzi wa kangomba, wanaonunua kwa bei ya kutupa nje ya minada, ili wapate cha kula. Mtu wa namna hii angeweza kutoa Sh18,000 kwa mkupuo mwezi Novemba na asihisi chochote. Mwezi Aprili, Sh1,500 kwake ni unga wa siku. Na asiponunua umeme miezi mitatu, kodi haimsahau. Siku akinunua inakatwa yote pamoja, na Sh5,000 yake inabaki Sh500. Kumruhusu mtu alipe ya mwaka mzima wakati wa msimu, mita isikate tena kodi mpaka mwaka unaofuata, kungewapunguzia wengi adha bila serikali kupoteza hata shilingi.

Kuhusu mpangaji, sheria inamtaja mwenye jengo kuwa ndiye mlipaji. Serikali ilipoanza utaratibu wa LUKU ilisema mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane. Ni rahisi kusema. Anayetafuta chumba na sebule Magomeni au Chikongola hana nguvu ya kukubaliana na mtu anayeweza kumpa notisi kesho. Wenye nyumba nao wana hoja, nimewasikia: kodi ya pango haijapanda muda mrefu, na wangelipa wao wangeiongeza humo. Ni kweli. Ila mpangaji angeona ongezeko hilo waziwazi, akalikubali au akahama, kuliko kukatwa gizani. Isitoshe nyumba nyingi za kupanga zina mita zaidi ya moja, kwa sababu mwenye nyumba alichoshwa na ugomvi wa wapangaji kuchangia bili. Kila mita inaweza kukatwa kodi ya nyumba nzima mpaka mwenyewe aende kueleza kwamba jengo ni moja. Niliifuatilia safari hiyo kwa niaba ya shangazi yangu. Tulienda ofisi mbili, tukarudi mara nne, na nauli ya bodaboda ilikula zaidi ya kodi ya miezi kadhaa. Wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na kipato wana msamaha kwa nyumba wanayoishi, lakini mita haijui umri wa mtu. Lazima mzee mwenyewe aende akajieleze, na wengi hawajui hata kwamba haki hiyo ipo.

Nikiulizwa kama kodi hii inabebeka, nitasema ndiyo, kwa walio wengi na kwa kiasi chenyewe. Na ninaitaka iwepo. Sehemu ya lami na mifereji tunayojivunia hapa manispaa ilijengwa na mradi wa miji ya kimkakati, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo hujenga mfereji, hauuzibui kila mwaka kabla ya mvua za Desemba. Hiyo ni kazi ya hela yetu wenyewe, na anayesema asitozwe kabisa inabidi aseme ni nani atakayezibua.

Ila mkazi wa Mtwara akiuliza hela yake inarudi wapi, asichukuliwe kama mbishi. Mwaka 2013 watu walitoka barabarani wakitaka kujua gesi ya Mnazi Bay itawaachia nini bomba likishafika Dar es Salaam, na kuna waliopoteza maisha. Swali hilo halijazeeka huku. Kodi iliyokuwa ikipokelewa na ofisi ya mtaa wa pili, yenye watu unaowafahamu na diwani unayeweza kumbana, sasa hukatwa ndani ya tokeni ya tarakimu 20. Ingesaidia sana kama kwenye ubao wa ofisi ya kata, pale yanapobandikwa matangazo ya chanjo, pangebandikwa kila robo mwaka karatasi moja: majengo ya kata hii yamechangia kiasi gani, kilichorudi ni kiasi gani, na kimefanya nini.

Jirani yangu bado anakatwa. Siku hizi kila mwezi anaandika Sh1,500 nyuma ya risiti ya kodi ya chumba. Mkataba unaisha Desemba, na amesema atamwekea mama mwenye nyumba risiti zote mezani.