Kuchangia Mchoro wa Roboti Si Wizi

Mwaka 2004, kwenye mashindano ya roboti ya FIRST nchini Marekani, timu mbili za wanafunzi zilitokea na roboti zinazofanana kama mapacha. Timu namba 254 ilitoka San Jose, California; namba 60 ilitoka Kingman, Arizona. Walikuwa wamesanifu pamoja. Mwaka 2006 timu tatu za eneo la Niagara, Kanada, yaani 1114, 1503 na 1680, nazo zikaja na mapacha watatu.

Lawama zikamiminika. Wapo waliouita udanganyifu, wapo waliosema wanafunzi wananyimwa nafasi ya kubuni vya kwao, na wengine walihofia kwamba wakubwa wakiungana wadogo hawatafurukuta. Mimi nipo upande wa waliochangia mchoro, tena bila kusitasita.

Tuangalie kazi yenyewe. Enzi zile timu zilikuwa na wiki 6 tu, tangu mchezo utangazwe hadi roboti ifungwe na kusafirishwa. Mchoro unaotumika karakana moja unaweza kuwa na mapengo, maana aliyeuchora yupo palepale: fundi akikwama anamwita, wanatoboa upya, kazi inaendelea. Mchoro unaokwenda mji mwingine hauna nafuu hiyo. Tundu la beringi likizidi kidogo tu, beringi inacheza, shafti inayumba na gia zinaanza kulana meno. Na kama karakana moja ndiyo inayochonga kipuri hicho kwa timu tatu, kosa moja limeshakuwa matatu. Basi mwanafunzi hana budi kuandika kila kipimo, aeleze kwa nini kachagua alumini ya unene ule, kisha avumilie kuulizwa na kijana asiyemjua: "Mkono ukishafungwa, hii bolti tutaifikia na spana gani?" Swali kama hilo linamfunza uhandisi kuliko wiki nzima ya kujifungia peke yake na kompyuta.

Lipo lalamiko moja ninalolikubali. Timu moja ikisanifu kila kitu na mwenzake akawa wa kupokea maboksi na kukaza bolti, hapo wa pili kapunjwa kweli. Timu changa ipewe sehemu yake, tuseme mtambo wa kuokota mipira, na sehemu hiyo iwe mikononi mwake hadi mwisho. Ikifeli, roboti zote zifeli nayo. Pasipo uzito huo hakuna ushirikiano, ni msaada tu.

Ingawa msaada nao siudharau. Timu 118, Robonauts wa League City, Texas, husanifu roboti rahisi iitwayo Everybot na kuitoa michoro yake bure, kwa ajili ya timu zisizo na mashine za gharama. Timu inaijenga kwa zana za kawaida, inaingia uwanjani na kitu kinachotembea, halafu inaanza kukibadilisha inavyotaka. Kijana ambaye roboti yake imekwama katikati ya uwanja mechi hadi mechi hajifunzi ubunifu, anajifunza kukata tamaa.

Huku kwetu nafasi ipo wazi kabisa. Tangu 2017, FIRST Global, mashindano ya roboti ya kimataifa, hualika timu moja kutoka kila nchi, na timu hupewa vipuri vya aina moja. Kenya na Tanzania zimeshiriki. Kwa hiyo fremu iliyosanifiwa Nairobi inaweza kuunganishwa Dar es Salaam bila kubadili hata bolti moja, na faili la mchoro halisimami mpakani Namanga kulipa ushuru. Natamani walimu wa pande zote mbili waanze na kitu kidogo: upande mmoja uchore fremu na magurudumu, mwingine uchore mkono, wabadilishane mafaili mapema, na kila upande ujenge roboti nzima kwa mchoro wa mwenzake kabla hawajakutana uwanjani kama wapinzani.