Punda jike anayeyumba: apandishwe au aachwe?

Jike akianza kuyumba miguu ya nyuma, maneno huanza: huo ni ugonjwa wa ukoo, asizae tena. Wanaotaka apandishwe nao wana hoja nzito. Punda hubeba mimba takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, na kwa kaya nyingi za Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, yeye ndiye anayefikisha maji nyumbani. Biashara ya ngozi imewapunguza mno, hadi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia wasichinjwe kwa ajili hiyo. Kumkatia jike uzazi kwa kudhania tu ni hasara ya kweli.

Na dhana hukosea. Mzungushe kwenye duara dogo: mguu wa nyuma ulio upande wa nje utatanuka kupita kiasi, na ncha ya kwato itachora mstari vumbini. Hapo utajua shida huenda iko kwenye uti wa mgongo au ubongo, lakini hutajua imetoka wapi. Farasi, jamaa wa karibu wa punda, akilishwa mtama mbichi wa shambani anaweza kuyumba vivyo hivyo, mkojo ukamtoka wenyewe, na Dodoma ni nchi ya mtama. Kiangazi nacho kina lake. Majani mabichi yana vitamini E kwa wingi, mabua makavu hayana. Mwanafarasi anayekua bila vitamini hiyo anaweza kuharibika neva, hasa akizaliwa katika ukoo wenye udhaifu huo. Lishe na urithi vimeshikana hapo, huwezi kulaumu kimoja.

Lakini urithi si hadithi. Farasi wa Kiarabu wana ugonjwa unaoua seli za ubongo wa nyuma. Wazazi wawili wazima kabisa wanaweza kuubeba, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Kipimo chake kipo, hufanyiwa nywele zenye mizizi, ila kinatafuta kasoro hiyo moja tu. Kinachonitisha vijijini ni dume mmoja kupanda majike wote, wakiwemo dada na binti zake.

Mimi nasema asubiri. Mimba ni mzigo, na anayeyumba akianguka miezi ya mwisho unaweza kupoteza wawili. Mwondoe kwenye mtama, apate majani ya masika, mwite daktari wa mifugo achunguze nagana, ugonjwa wa mbung'o, na jeraha la shingo. Kama kuyumba kumeanza ghafla, usimtie mkono mdomoni. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akipona na ndugu zake wakiwa wazima, apandwe na dume wa kijiji kingine. Asipopona, asizae, na madumu asibebeshwe.

Dume wa bomani ahasiwe au atengwe mapema, maana jike huingia joto karibu kila baada ya wiki tatu na hawatakusubiri uamue.