Moshi Unatoka Saa Ngapi?

Gari langu linavuta sigara. Asubuhi nikiliwasha linakohoa mara mbili, linashusha pumzi, halafu linaachia wingu la bluu linalotambaa taratibu mpaka kwenye kamba ya nguo za jirani. Mashuka yake sasa yana harufu ya gereji. Yeye hanilaumu, ananitazama tu, na heri angenitukana.

Nimegundua jambo moja: binadamu wote ni mafundi magari. Huwajui mpaka gari lako litoe moshi. Mtu ambaye baiskeli yake imeegemea ukuta miaka miwili kwa kukosa tairi anasimama, anashika kiuno, anatamka: "Hiyo gasketi ya silinda hedi." Kajuaje? Kapita njia tu!

Nikamwambia, ndugu yangu, gasketi, ile pedi inayoziba kati ya injini na hedi yake, ikiungua moshi unakuwa mweupe, mzito, na hauishi hata injini ikishapata moto. Una kaharufu ka utamu utamu ka yale maji ya rangi ya rejeta, na rejeta inakauka bila kuonekana panapovuja. Mara nyingine unafungua kifuniko cha oili unakutana na uji. Rejeta yangu imejaa mpaka shingoni, na oili yangu ni oili. Akafikiri kidogo. "Basi linakula mafuta sana." Likila mafuta kuliko hewa, eakilina, lile chujio la hewa, ikiziba au nozeli zinazopuliza mafuta zikivuja, moshi unakuwa mweusi wa masizi. Wangu ni bluu! Bluu maana yake oili inaungua ndani. Akaniambia bluu na nyeusi ni ndugu. Akaenda zake, na baiskeli bado iko ukutani.

Mshauri wa pili akasema niweke oili nzito. Nikaweka. Wa tatu akasema gari linalokula oili ni la kulishwa, niongeze. Nikaongeza. Shemeji akapita jioni, naye akasema niongeze kidogo. Nani ana ubavu wa kumbishia shemeji? Kesho yake moshi ukawa mkubwa mpaka watoto wa mtaani wakanipigia makofi. Kumbe kile kijiti cha kupimia kina alama mbili, na mimi nilishaivuka ya juu nikaiacha mbali. Oili ikizidi, krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inaichapa mpaka inatoka povu, povu linapanda, nalo linaungua. Yaani ule moshi wa ziada nimeupika mwenyewe, kwa fedha yangu.

Nikaenda gereji. Jamaa hakufungua hata boneti. Alilisikiliza gari kama mganga, akafumba macho, akasema: "Tushushe injini." Nikamuuliza ataangalia nini kwanza. Akasema akishashusha ndiyo atajua. Nikalirudisha gari nyumbani na moshi wake.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja mpole mwenye miwani ya kufungwa kwa waya. Akapunguza oili kwanza, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Moshi unatoka saa ngapi?"

Nikadhani ananitania. Moshi una saa za kazi? Kumbe unazo. Ukitoka unapopanda mlima umekanyaga mafuta, mshuku ringi za pistoni, zile pete zinazoiziba pistoni ndani ya silinda. Ukitoka asubuhi gari lilipolala, au ukishuka mteremko mguu uko juu halafu ukakanyaga, hizo ni sili za valvu, vipira vinavyozuia oili isipite kwenye milango ya silinda. Zikishakuwa ngumu kama ganda, oili inachuruzika usiku kwenye shina la valvu, inalala silinda, inasubiri uwashe. Yangu ni asubuhi na mteremkoni. Mlimani gari ni safi kama malaika.

Mzee hakuniamini kwa maneno, na hapo nikampenda. Akang'oa plagi, akapachika geji, akapima mgandamizo wa silinda moja moja. Zote nne zikatoa namba za karibu sawa. Akasema kama mojawapo ingekuwa chini angemimina kijiko cha oili mle ndani na kupima tena: geji ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi. Ringi zangu nzima. Hakuna kushusha injini. Nilitaka kumbusu.

Halafu akachukua kamba. Kamba, wenzangu! Akaanza kuiingiza kwenye tundu la plagi, hatua kwa hatua, kama anamlisha nyoka. Nikasema basi, huyu naye ndiye wale wale. Kumbe anazungusha injini kidogo, pistoni inapanda na kuibana ile kamba juu, na kamba inazishikilia valvu zisidondoke ndani wakati anafungua springi na kubadilisha sili. Hedi haikutoka hata mahali pake. Sili zenyewe ndogo, kama vikofia vya kidole! Hivi ndivyo vilivyonifanya nisalimiane na jirani kwa kuinamisha kichwa?

Nikaondoka nikipiga mluzi. Kesho asubuhi nikawasha. Moshi. Bluu ile ile.

Nilifika gereji kabla ya mzee kufungua geti. Akasikiliza makelele yangu yote, akafuta miwani, akasema: "Sailensa imelowa oili ya zamani. Endesha, itakauka." Siku ya pili nikarudi. "Endesha." Ya tatu nikarudi sina hata la kusema, nikasimama tu. "Endesha, mwanangu."

Siku ya nne nikawasha, nikakimbilia nyuma. Hakuna bluu. Kamvuke kembamba keupe, basi. Nikachuchumaa, nikakinga kiganja: maji matupu. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, na asubuhi ya baridi yanaonekana kama moshi. Nikanusa kiganja. Hakina utamu, hakina oili. Nikakinga tena, na mkono wa pili, kwa furaha.

Nikasikia mama watoto mlangoni: "Sasa hapo unaliomba nini?"