"Meno Bado Asilimia 80": Tangazo Lisilosema Kitu

Kila baada ya siku ya treki pale Whistling Morans, uwanja wa mbio za magari, kabla hata vumbi la Athi River halijaoshwa kwenye magari, matangazo huanza kumiminika kwenye makundi ya WhatsApp. Matairi manne ya semi-slick, yaani ya mbio yenye mifereji michache, picha imepigwa kutoka juu, mifereji inaonekana ina kina kizuri, na maneno ni yaleyale: "Meno bado asilimia 80, yametumika siku chache tu." Na jioni hiyohiyo kuna kijana atatuma pesa.

Tangazo hilo linaniudhi kwa sababu asilimia inayotajwa hupima kitu ambacho mara nyingi ndicho cha mwisho kuisha. Tairi la treki linaweza kuwa na milimita 5 za meno na liwe limekufa. Linaweza pia kubaki na milimita 2 na likashika lami vizuri kuliko siku lilipotoka dukani.

Kosa hili lina asili yake. Tumelelewa na Safari Rally. Tangu 1953 nchi hii imejua tairi kupitia mawe: ubavu unakatwa, meno yanang'oka, na mtazamaji wa kando ya njia kule Naivasha anaona uharibifu kwa macho yake. Lami ya treki huua kwa joto, na joto halitokei kwenye picha ya simu.

Mpira wa tairi hupikwa kiwandani kwa salfa na joto mpaka minyororo ya molekuli zake ishikane. Upishi huo haukomi siku tairi linapotoka kiwandani. Kila unapolitia kwenye kona mpaka lifike nyuzijoto 80 au 90, kisha likapoa, minyororo hushikana zaidi, na mafuta yaliyochanganywa ili mpira uwe laini hupungua. Safari moja ya kupata moto na kupoa haionekani. Zikirundikana, mpira unakakamaa. Ni kama chapati ya jana iliyopashwa moto mara ya tatu: umbo lipo lote, ulaini umeshaondoka.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia "siku nne tu", muulize awamu ngapi, yaani mara ngapi gari liliingia treki. Siku moja yenye awamu tano za dakika 15, na mapumziko marefu katikati, ni tairi kupikwa mara tano. Siku nne ni mara 20. Halafu muulize la maana zaidi: tairi lilianzaje? Semi-slick mpya linapaswa kupashwa taratibu kwa dakika kumi au kumi na tano, ukiongeza kasi kidogo kidogo, bila kuliteleza, kisha liachwe lipumzike kwa angalau saa 24. Minyororo iliyovutwa na ule moto wa kwanza hupata muda wa kujipanga sawasawa. Aliyelitoa tairi dukani Jumamosi na kulikaba koo asubuhi ya Jumapili amelifupishia maisha hata kama meno yote yapo.

Dalili za tairi lililopikwa hujitokeza kwenye usukani kabla ya kuonekana popote. Tairi lenye afya hushika kufikia raundi ya pili. Lililochoka linataka raundi tatu au nne, na hata likishika halifiki pale lilipokuwa likifika. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, inaanza kugonga mahali palepale ulipokuwa ukifunga breki bila shida. Zaidi ya yote, angalia namna linavyoachia. Tairi lenye uhai hukuonya: linalalamika, linateleza kidogo, linarudi. Lililokakamaa linashika, linashika, kisha linaachia kwa mkupuo. Hapo ndipo magari huishia kwenye nyasi, na dereva hulaumu shokomzoba au alaimenti. Kama una daftari la muda wa raundi, na gari, hewa na breki ni zilezile, basi kupoteza sekunde moja au moja na nusu kwa seti ileile ni jibu tosha.

Anayetaka namba atafute durometa ya Shore A. Ni kifaa kidogo cha kubonyeza kinachopima ugumu wa mpira, na kinatumiwa vibaya kuliko kifaa chochote kwenye padoki, pale magari yanapoandaliwa. Pima tairi likiwa baridi na kivulini, kwa sababu mpira uliochomwa na jua la saa nane husoma laini na kukudanganya. Bonyeza wima katikati ya jino pana, kamwe si ukingoni. Chukua vipimo vitano kuzunguka tairi, utafute wastani. Na namba moja peke yake haina faida, maana kila aina ya tairi ina ugumu wake wa kuanzia: pima siku unalinunua jipya, uandike. Likipanda pointi nane au kumi juu ya namba hiyo, mimi nalihesabu kuwa la mazoezi tu. Usipokuwa na durometa, ukucha wa kidole gumba husaidia kiasi. Kwenye mpira hai huacha alama inayofutika polepole. Kwenye mpira mfu huteleza.

Kisha macho. Usitazame tairi likiwa limebeba takataka za treki, vile vidonge vya mpira vya magari mengine vinavyonata kwenye tairi lenye moto. Vikwangue kwa kikwanguo cha rangi, vinginevyo utakuwa unapima tairi la mtu mwingine. Chini yake, mpira wenye afya ni mweusi usiong'aa, wenye chembechembe sawa kama msasa laini. Uliopikwa kupita kiasi unang'aa kama kioo, mara nyingine una rangi ya samawati inayofanana na mafuta juu ya dimbwi, na ukiupinda utaona nyufa nyembamba kwenye sakafu ya mifereji. Ukiona vishimo kama malengelenge yaliyopasuka, ndani ya mpira kulichemka, na mara nyingi chanzo ni presha au dereva kukazana na tairi ambalo tayari limezidiwa na joto.

Na tafadhali, osha tairi kwa sabuni na brashi kabla ya kulipa. Ile polishi ya kung'arisha inayopakwa matairi ya kando ya barabara hufunika nyufa zote, na inateleza.

Sasa bega, ukingo ambapo meno yanakutana na ubavu. Hapa kuna hatari ya mwili, si ya muda wa raundi tu. Picha ya kutoka juu huonyesha katikati ya tairi, sehemu inayoteseka kidogo kuliko zote. Magari yetu mengi ya kutoka Japani yakiwa na kemba (mlalo wa gurudumu) ya kiwandani hulala kwenye bega la nje la tairi la mbele kila yanapokata kona, na bega hilo linaweza kuisha hadi kwenye nyuzi za ndani ya tairi huku mfereji wa katikati ukisoma milimita 5. Aliyeongeza kemba hasi bila kurekebisha uelekeo wa magurudumu hula bega la ndani, na hilo halionekani ukiwa umesimama. Kata usukani hadi mwisho, piga magoti, pitisha kiganja polepole. Kwa magurudumu ya nyuma, inua gari kwa jeki au ingiza simu nyuma ya tairi upige picha. Pima kina mahali panne kwa upana, yaani bega la nje, mfereji wa nje, katikati na wa ndani, na urudie mahali patatu kwa mzunguko. Namba ya tairi hilo ni ile ndogo kuliko zote. Wastani usiutumie hapa.

Bega likikaribia kuisha, mpira hubadilika sura kwanza: unakuwa na mistari, rangi inapauka. Kisha kitambaa hutokea kama uzi wa gunia uliochanika. Kisha waya. Ukiona uzi, siku yako imeisha. Hakuna "awamu moja ya mwisho". Mikanda ya chuma chini ya hapo ndiyo inayozuia tairi lisifumuke kwa kasi, na ukishaifungulia joto na msuguano, kinachofuata kinatokea mwishoni mwa sehemu iliyonyooka ya treki, pale gari linapokimbia zaidi. Nimelisema hili kwa ukali kwa sababu ni jambo moja linaloweza kumuua mtu, na linazuilika kwa dakika tano za kupiga magoti.

Njia ya kuokoa bega ni kugeuza tairi kwenye rimu mapema, likiwa limekula nusu. Lenye mshale wa mwelekeo, mfano Toyo R888R, ukiligeuza lazima uhamishe na upande wa gari ili mshale ubaki sahihi. Lenye maandishi ya "OUTSIDE" usiligeuze kama utalitumia barabarani wakati wa mvua. Ukisubiri waya, hakuna cha kugeuza.

Presha nayo huandika historia yake. Saa moja asubuhi Athi River ni baridi, saa nane mchana ni moto, na kila nyuzijoto 6 zinaongeza karibu PSI 1 hata kabla hujawasha gari. Asiyerekebisha hujikuta na tairi lililovimba ambalo katikati yake inaliwa. Pairomita ya sindano, kipimajoto kinachochomwa ndani ya mpira, itakuonyesha ndani ya dakika moja baada ya kuingia pit, kituo cha kusimama kando ya treki: katikati ikiwa moto kuliko pande zote mbili, presha imezidi. Ile ya miale husoma ngozi ya juu tu, ambayo hupoa ukiwa bado unafungua mlango.

Haya, niwape wapenda meno haki yao, ingawa shingo upande. Mvua ikinyesha, kina ni kila kitu. Kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Oktoba, semi-slick la milimita 2 kwenye maji yaliyotuama Mombasa Road litaelea, na hakuna mpira laini utakaokusaidia. Alama za kuchakaa zilizo ndani ya mifereji huwa milimita 1.6, na kwa anayeendesha gari lilelile kutoka nyumbani, mimi naona hata hapo ni kuchelewa. Lakini kwenye lami kavu meno mafupi hayayumbi, hayapati moto ovyo, na ndiyo maana kuna mashindano ambako watu hukata tairi jipya kwa mashine ili liwe fupi. Na ndiyo, tairi ni ghali. Lililokakamaa bila nyufa wala nyuzi linafaa kumfundisha mgeni, mradi ajue analoendesha.

Nisichokubali ni tairi la kuchongwa. Kisu cha moto hakiongezi meno, kinachimba mpira mwembamba unaofunika mikanda. Tairi dogo la gari la abiria halikutengenezwa kwa hilo. Lipite mbali na treki, na mbali na barabara.

Vilevile soma ubavu. Tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Semi-slick lenye zaidi ya miaka mitano silinunui hata likiwa na vinyweleo vya kiwandani, hasa kama liliwekwa juani mbele ya duka. Ukikuta neno "STUDLESS", hilo ni tairi la theluji lililokuja na gari kutoka Japani. Ni laini ajabu ukilibonyeza na lina meno marefu, na raundi tatu tu zitayang'oa vipande vipande.

La mwisho linawahusu wanaorudi nyumbani kwa matairi yaleyale. Mchana umekuwa ukipunguza upepo tairi likiwa moto, labda PSI 6 au 8 kwa siku nzima. Jioni yakipoa kabisa, utakuta 24 au 25, na bega lililoteseka mchana ndilo litakalobeba gari hadi mjini. Kabla ya kufungasha spana, acha matairi yapoe, yajaze upya, zungusha kila gurudumu mara moja ukiwa na tochi, mabega yote mawili. Ukikuta uzi, weka speya, au ita gari la kuvuta.