Upinde Uliomlaza Chini Baba Mkwe

Mtaani kwetu Ujiji habari hii inazunguka kwa namna tatu. Wapo wanaosema transfoma ilipasuka. Wapo wanaosema ni majambazi. Na wapo wale wa gengeni, ambao ndio wengi, wanaosema fundi simu alikuwa anaunda bomu na nusura ammalize mkwewe. Fundi mwenyewe ni mimi. Naandika ili ijulikane kwamba ulikuwa mwanzi tu, ingawa najua hilo halinisaidii sana.

Kibanda changu kipo Mwanga. Nabadilisha vioo, natengeneza mifumo ya chaji, nafufua simu zilizotumbukia ziwani. Mbele nimebandika karatasi ya herufi kubwa: BETRI IKIVIMBA USIITOBOE, USIIANIKE JUANI, USIIWEKE KARIBU NA MOTO. Asiyejua kusoma namsomea. Namweleza kabisa kwamba ndani mna gesi, gesi haina mlango, na kitu kisicho na mlango ukikipasha moto kitajitafutia mlango chenyewe. Hotuba hiyo nimeitoa mara nyingi mpaka kijana wa kibanda cha pili huwa ananimalizia.

Basi Jumatatu moja mwanangu wa darasa la tatu akarudi na habari kwamba Ijumaa ni siku ya utamaduni shuleni, na kila mtoto apeleke zana ya jadi. Wenzake walitaja vibuyu, nyungo, vinu, vitu ambavyo mtu anachukua jikoni kwa bibi yake na kuondoka. Wangu alisimama mbele ya darasa akatangaza kwamba ataleta upinde, na baba yake ndiye atakayeutengeneza.

"Kwa nini ukasema hivyo?" nikamuuliza.

"Si wewe ni fundi?"

Mke wangu alitoa ushauri mmoja tu: "Mpigie baba." Baba yake yuko Kasulu na upinde kauzoea tangu anachunga mbuzi. Nikakataa. Mahari nilimaliza kwa awamu, ya mwisho mtoto akiwa ameshaanza kutembea, halafu leo nimpigie mzee huyo huyo kumwambia nimeshindwa kupinda fimbo? Nikamwambia mke wangu kwamba mtu anayebadilisha kioo cha simu usiku, umeme umekatika, tochi ameishika kwa meno, hawezi kushindwa na mwanzi. Akanyamaza. Ningemjua vizuri ningejua kwamba ukimya ule maana yake alikuwa anatafuta vocha.

Jumanne asubuhi nikamfuata mzee mmoja anayesuka matenga.

"Mwakeye, mzee."

Akaitikia. Nikamwomba mwanzi mnene, ulionyooka. Akauliza wa kufanyia nini. Nikasema upinde. Akaviangalia vidole vyangu, vidole vya kushikia bisibisi ndogo, akarudi kuniangalia usoni.

"Huu umekatwa juzi, bado mbichi," akasema. "Uupasue, uuanike kivulini, halafu uusahau. Mwezi, miezi miwili."

"Nautaka Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

Nikamlipa elfu tatu yake. Mwanzi una mita nne na bodaboda ina mita mbili, kwa hiyo kila kona tuligeuka kama meli ya Liemba ikitoka bandarini. Tulifika salama. Mwenye mkokoteni wa machungwa tuliyempitia ana maoni yake.

Nyumbani nikakata kipande cha mita moja na nusu. Neno "uupasue" niliona ni la wasuka matenga. Akili yangu iliniambia mwanzi mzima ni mnene, unene ni nguvu, na upinde unataka nguvu. Kwa hiyo nikauacha mzima, na pingili zake sita. Kilichobaki ni kuukausha, na kukausha ndiyo kazi yangu. Simu iliyolala ziwani naikausha kwa blowa kwa dakika chache. Mwanzi nikaupiga blowa Jumatano jioni kwa dakika arobaini. Ukapata joto kama mgonjwa wa homa, basi. Umeme ukaisha tokeni, mke wangu akaniangalia, nikazima.

Alhamisi saa tano, kabla sijafanya lolote, akaingia baba mkwe na basi la kutoka Kasulu. Koti la kijivu, kofia mkononi, gunia dogo la maharage begani mwa kijana aliyemsaidia kubeba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Nimepita tu kuwasalimu."

Mtu hapiti tu Ujiji akitokea Kasulu. Nikamtazama mke wangu, naye akatazama sufuria. Tukamwekea mzee kiti chini ya mwembe, akala ugali wa muhogo na mgebuka, akafunika uso kwa kofia ili apumzike. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nimalize kabla hajaamka, aukute upinde umeegemezwa ukutani, mimi niko pembeni nasoma gazeti.

Nikachukua jiko letu la mkaa, nikaazima mawili kwa jirani, nikayapanga mstari uani karibu na banda la jikoni. Nikapuliza mpaka makaa yakawa mekundu. Nikaulaza mwanzi juu yake, kutoka jiko la kwanza hadi la tatu. Pembeni, kwenye mafiga, sufuria la maharage lilikuwa linamalizikia na mawese yameshatiwa. Mwanzi ukaanza kutoa jasho kwenye ncha, maji yanachemka yanalia sss. Nikafurahi sana. Nikasema, unakauka huo. Nikaenda kukaa karibu na mzee kusubiri.

Kwa asiyeujua mwanzi: kila pingili ni chumba, kimezibwa na fundo huku na huku. Mwanzi mbichi una maji mwilini mwake. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke ule hauna mlango. Ndiyo, wasomaji, najua. Nawaomba msinikumbushe ile karatasi.

Ilipolia pingili ya kwanza, mimi nilidhani ni tairi la lori. Baba mkwe hakudhani. Baba mkwe alikuwa mgambo, akachukuliwa vita ya Kagera mwaka 1978, akaingia Uganda na kurudi na viungo vyake vyote, na siku ile nikafahamu alirudi navyo kwa njia gani. Kofia ilikuwa bado hewani, yeye ameshalala kifudifudi mchangani, koti na yote, mkono mmoja umenikandamiza kisogoni.

"Laleni! Laleni wote! Mtu asinyanyue kichwa!"

Sauti ile haikuwa ya mzee wa miaka sitini na kitu. Mwanangu akalala. Mke wangu akalala. Mama Mapacha, jirani yetu, alikuwa anageuza dagaa wake juani, akalala juu ya dagaa. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita barabarani na abiria alilaza pikipiki, akalala, abiria akalala juu yake. Sufuria la maharage lilikuwa limeondoka. Mawese yalikuwa yanateremka ukutani taratibu, rangi ya machungwa, na mpaka leo ukuta ule tumeshaupaka chokaa mara mbili na bado yanajitokeza kuwasalimu wageni.

Nikiwa nimelala pale, shavu mchangani, nikaona kila kitu. Mwanzi ulikuwa umeruka jiko la kwanza lakini umebaki juu ya mengine mawili. Nikaanza hesabu. Pingili sita. Za mwisho mbili nilizikata kwa msumeno, ziko wazi, hizo hazina neno. Zilizozibwa ni nne. Moja imekwenda.

"Mkwe," akaninong'oneza mzee, "umewaona?"

"Ndiyo, baba."

"Wangapi?"

"Tatu, baba."

"Watatu?"

"Zimebaki tatu."

"Zimebaki nini?"

Paaa!

"Mbili," nikasema.

Sidhani kama kuna mkwe duniani aliyewahi kutazamwa vile kwa umbali ule, pua kwa pua, chini. Nilitaka kueleza. Lakini utaanzaje kumwambia baba wa mke wako kwamba adui anayemlaza chini ni upinde wa mjukuu wake? Nikasema tu, "Baba, tusiinuke kwanza, mbili bado." Naye, mwanajeshi kwelikweli, hakuuliza zaidi. Alifikiri nina taarifa.

Ya tatu ililia, ikarusha makaa mpaka bandani mwa kuku. Kisha kimya. Kimya kirefu. Ya nne haikuja. Wote tukalala tunaisubiri. Abiria wa bodaboda akauliza kwa adabu kama anaweza kuwahi hospitali kumwona mgonjwa. Mzee akakataa. Dakika nzima, mbili. Mwanangu ndiye aliyeinuka, akaenda mpaka kwenye majiko, akachungulia, akarudi.

"Baba, hii moja ina ufa. Haitapasuka."

"Nini haitapasuka?" akauliza babu yake.

"Mwanzi, babu. Baba anatengeneza upinde."

Balozi wa mtaa akafika na watu kama thelathini nyuma yake na daftari mkononi. Akauliza ni nani mwenye silaha. Nikamwonyesha mwanzi, umefunguka kama ndizi. Akauzunguka. Akauliza kama nina kibali. Nikauliza kibali cha mwanzi? Akafikiri, akaandika kitu, akafunga daftari. Baadaye mwanangu, ambaye anachungulia sana, aliniambia alichoandika: "Upinde. Wa moto." Mama Mapacha nilimlipa dagaa wake sado mbili, na nina hakika walikuwa sado moja na nusu.

Baba mkwe alijipangusa mchanga, akaokota kofia yake, akaipiga gotini. Hakucheka wala hakukasirika, na hilo ndilo liliniumiza. Akauliza tu, "Mwanzi mwingine umebaki?"

Ulibaki wa mita mbili na nusu. Akaweka panga kwenye ncha, akaligonga kwa gogo mara moja, mwanzi ukapasuka tii mpaka chini kama uliokuwa unangoja kuombwa. Mshindo ule mdogo tu ulimfanya kijana wa bodaboda, ambaye alikuwa amerudi kuangalia, arudi nyuma hatua mbili. Mzee akanionyesha: ganda la nje ndilo lenye nyuzi ngumu zilizobanana, ndani ni laini. Ganda litazame mbele, kwa adui, kwa sababu huko ndiko upinde unakonyooshwa unapovutwa. Mimi nilikuwa nimepanga kinyume, ganda litazame kwangu ili mkono usichomwe na vijiti.

Kwa kuwa mwanzi ulikuwa mbichi na muda hakuna, hakutumia ufito mmoja. Alichukua mitatu, mrefu, wa kati na mfupi, akaipanga mgongo kwa tumbo kama springi za nyuma za Fuso, akaifunga katikati kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Akasema mbichi ukiuvuta sana unazoea kupinda na hauinuki tena, lakini mitatu itasaidiana hata ikichoka. Kisha akanipa kazi ya kukwangua upande wa ndani kwa kipande cha kioo. Kioo! Nilihisi nimerudi nyumbani. Nikakwangua kwa madoido, unga wa mwanzi unaruka, na kwa sababu mkono wa kulia wa upinde ndio ulionikaa vizuri, nikautendea haki kuliko wa kushoto. Mzee akafunga upote, nyuzi za nyavu kutoka Kibirizi zilizosokotwa pamoja, akarudi nyuma, akautazama upinde kwa jicho moja.

"Mkono huu unafanya kazi," akasema. "Huu umestaafu."

Ikabidi tupunguze na ule mgumu, kidogo, tuvute, tutazame, kidogo tena, mpaka mikono yote miwili ikapinda sawa. Upinde ukawa laini hata kuku angeuvuta. Mzee akasema kwa mtoto wa darasa la tatu unatosha, kisha akanipa niujaribu. "Usiuachie mtupu," akaongeza.

Sasa mkononi nina upinde niliouhangaikia siku nne. Nikauvuta. Nikauachia mtupu. Upote ukanichapa ndani ya mkono wa kushoto kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, mstari mmoja, umenyooka kuliko chochote nilichotengeneza wiki ile. Mzee akautwaa upinde, akakagua kama umepasuka, akanieleza taratibu kwamba nguvu ile huondoka na mshale, na ikikosa mshale inarudi kwenye upinde na kwa mwenyewe.

"Yaani haina mlango," akasema mwanangu. "Kama betri."

Shuleni, nasikia, upinde ulipendwa. Mwalimu alipomwambia aeleze hatua za kuutengeneza, mwanangu alianza, "Kwanza babu analala chini."

Jumamosi nikafungua kibanda nimevaa mikono mirefu, joto lote lile. Mteja wa kwanza ni kijana simfahamu. Akatoa simu, mgongo wa nyuma umenyanyuka, betri imevimba kama andazi. Nikavuta pumzi nimpe hotuba yangu. Hakunisubiri. Aliiweka simu mezani kwa vidole viwili, akarudi nyuma hatua tatu, akajilaza kifudifudi pale pale mbele ya kibanda, mikono kisogoni.

"Endelea, fundi," akasema. "Zimebaki ngapi?"