Daraja la zamani la Wami halikuwa bovu

Sisi wa njia ya Tanga tulilijua kwa tumbo. Basi la kutoka Dar es Salaam likishaacha Msata na kuukaribia Mto Wami, mazungumzo yalikuwa yanakatika yenyewe. Barabara inaanza kuporomoka, kona juu ya kona, dereva anarudisha gia, mama wa siti ya mbele anavuta uradi. Kule chini kabisa kuna daraja jembamba la njia moja. Aliyewahi anapita, aliyechelewa anangoja ng'ambo, mguu kwenye breki na mzigo wote unamsukuma mgongoni.

Tangu daraja jipya lianze kutumika mwaka 2022, nasikia lile la zamani likisimangwa: limechoka, bovu, lilikuwa litaangusha watu. Mimi naona tunalionea. Lilijengwa mwaka 1959, miaka miwili kabla ya Uhuru, na mpaka siku linastaafishwa lilikuwa bado limesimama, linabeba mizigo ambayo aliyelichora hakuwahi kuiota.

Daraja huchakaa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya mwili: maji yanapenya kwenye zege, nondo zinashika kutu, kutu inavimba na kulimegua zege kutoka ndani, au mto unachimba udongo chini ya nguzo taratibu, masika baada ya masika. Hiyo fundi huikamata. Anapita na nyundo akigonga na kutega sikio, na palipoachana ndani panatoa mlio wa mtungi mtupu.

Ya pili nyundo haiisikii. Daraja liko vilevile, magari ndiyo yamebadilika. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa Wami.

Mtazame aliyelichora. Alikuwa na magari machache na malori madogo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ishushe barabara bondeni hadi karibu na maji, vuka kwa daraja fupi lisilofika hata mita 90, kisha panda. Kwa 1959 simlaumu. Lakini kilichookolewa kwenye zege tulikuja kukilipa kwenye breki. Semitrela lililoshiba mzigo wa Arusha au Moshi likiteremka mlima ule, breki zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki. Mbele yake kuna kona, na baada ya kona kuna upenyo wa gari moja. Ajali zilizoipa Wami jina baya zilianzia huko mlimani. Daraja lenyewe lilikuwa linazipokea tu.

Ndiyo maana jipya lina mita 513.5. Mto haukupanuka. Ni kwamba daraja limekataa kushuka, limepita juu ya bonde, na kwa upana wake wa mita 11.85 magari yanapishana bila kuombana njia.

Ninachodai ni kidogo. Tunapokagua madaraja ya zamani, na bado yako mengi membamba ya umri huohuo, tusiishie kuhesabu nyufa. Mkaguzi akae pale kutwa nzima, ahesabu malori, aone foleni inafika wapi, amuulize utingo breki zinanukia wapi. Daraja lisilo na ufa hata mmoja linaweza kuwa limepitwa na wakati miaka thelathini, na taarifa ikaandika "hali nzuri". Na itakuwa kweli, hapo ndipo penye balaa! Zege likipasuka hela hutafutwa usiku huohuo. Daraja likiwa jembamba tu, tunaambiwa tuendeshe kwa uangalifu.

Na lile kongwe tusilitelekeze likaota magugu. Lina kazi bado, hata ya bodaboda na watu wa miguu wa vijiji vya pale.

Safari yangu ya mwisho kwenda Korogwe nilizinduka usingizini tuko Mkata. Nikamuuliza jirani kama Wami tumeshaipita.

"Zamani sana," akanijibu, akaendelea kumenya chungwa.