Tumlipe Fundi Bomba kwa Kutafuta Ubovu, Si kwa Kubadilisha Vifaa Tu

Katika nyumba nyingi za hapa Dar es Salaam, shawa ikiharibika, mazungumzo na fundi bomba huanza na kuishia kwenye swali moja: atatoza kiasi gani kubadilisha. Naamini swali hilo linaulizwa mapema mno, na ndilo linalotufanya tutoe pesa mara mbili au tatu kwa ubovu uleule. Kabla ya kutaja bei ya kifaa chochote, fundi anapaswa kuombwa atafute maji yamekwama wapi, na kazi hiyo ya kutafuta iwe na malipo yake yanayojulikana.

Ubovu wa shawa si kama wa koki inayovuja, ambayo hata mtoto anaona maji yanapotokea. Dalili huwa ni moja tu, maji kutoka kidogo, lakini sababu zake ni nyingi na zimetawanyika nyumba nzima: chumvi iliyoganda kwenye vitundu vya kichwa cha shawa, hasa kwa sisi tunaotumia maji ya kisima; mchanga uliojaa kwenye kichujio kidogo mahali hita ya umeme ya kupasha maji ya shawa inapoungana na bomba, ambao huja kwa wingi maji ya mgawo yanaporudi baada ya kukatika; bomba la chuma la zamani lililoliwa na kutu kwa ndani; au kiungo cha bomba la PPR kilichochomwa vibaya siku nyumba inajengwa. Hili la mwisho halizungumzwi vya kutosha. Mabomba hayo ya plastiki huunganishwa kwa pasi yenye joto la takriban nyuzi 260, na bomba la milimita 20 huhitaji sekunde 5 hivi tu. Fundi akizidisha muda, au akilisukuma bomba kupita kina chake, plastiki iliyoyeyuka hujikunja kwa ndani na kuziba sehemu ya njia ya maji, huku kwa nje kiungo kikionekana safi kabisa. Kiungo cha namna hiyo kikishafukiwa ukutani na kufunikwa kwa vigae, unaweza kununua vichwa vya shawa vyote vilivyopo dukani na maji yasiongezeke.

Nyumbani kwetu maji ya shawa yalipopungua, fundi wa kwanza alishauri tununue hita mpya bila hata kufungua koki ya sinki kuona kama huko nako maji yamepungua. Fundi aliyemfuata, mtu wa makamo asiyekuwa na maneno mengi, aliomba ndoo ya lita 10. Aliifungulia shawa ndani ya ndoo huku akitazama saa ya simu yake, na ndoo ilichukua zaidi ya dakika nne kujaa. Kisha akazima umeme kwenye sakiti breka, akaifungua hita yote, akapima tena kwenye bomba tupu. Muda ukawa uleule. "Hita yako haina kosa, mama," aliniambia, "tukaangalie kwenye tangi." Chini ya tangi palikuwa na geti valvu, yaani koki ya kufungia maji, ambayo gurudumu lake lilizunguka vizuri mkononi, lakini bamba la ndani lilikuwa limeachana na mhimili wake na kukwama katikati ya njia ya maji. Alipoitoa aliingiza bisibisi ndani, akanipa gurudumu nizungushe mwenyewe, nikaona bamba halitikisiki. Valvu mpya haikufika hata robo ya bei ya hita tuliyokuwa tumeshauriwa kununua.

Wakati mwingine ukaguzi huonyesha kwamba hakuna kilichoharibika, na hapo ndipo ukweli wa fundi hupimwa. Kila mita 1 ya kimo cha maji hutoa takriban baa 0.1 ya msukumo. Tangi likikaa kwenye mnara wa mita 3, na kichwa cha shawa kikiwa mita 2 kutoka sakafuni, kinachobaki ni mita 1 pamoja na kina cha maji yaliyomo ndani ya tangi, kwa hiyo hata tangi likijaa msukumo hauzidi sana baa 0.2, na hupungua kadiri maji yanavyotumika. Kile kichwa kipana cha kisasa tunachokiona hotelini hakiwezi kuongeza msukumo huo. Dawa yake ni kuinua tangi au kufunga pampu ndogo ya kusukuma maji, na fundi anayekueleza hivyo, akijua kwamba huenda huna fedha za kazi hiyo na ataondoka mikono mitupu, amekufanyia kazi inayostahili ujira.

Sisi wenye nyumba tunachangia sana tatizo hili. Tunabishana juu ya hela ya ufundi mpaka fundi anakubali kiasi ambacho hakimtoshi nauli na chakula cha mchana, kisha tunampa pesa za vifaa aende dukani peke yake. Mtu aliyebanwa kwenye ujira wake ataitafuta riziki kwenye risiti, na kadiri vifaa vinavyobadilishwa vingi ndivyo anavyopata zaidi. Sisemi kwamba hilo ni halali. Nasema kwamba tumejenga utaratibu ambao fundi mkweli, anayetengeneza kwa kifaa cha bei ndogo, ndiye anayerudi nyumbani na kidogo kuliko wote, na haifai kumlaumu yeye peke yake.

Mahali ambapo ukaguzi si suala la fedha tu ni pale shawa inapotumia umeme. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampia 24, ilhali plagi ya kawaida ya nyumbani imetengenezwa kwa ampia 13. Inahitaji waya wake mnene na sakiti breka yake, na zaidi ya yote waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, uliofungwa sawasawa, kwa kuwa katika nyingi ya hita hizi elementi, yaani waya unaopasha maji, inagusana na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, ndiyo maana zipo elementi zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya maji hayo. Nimewasikia watu wakieleza kwamba walihisi umeme mkononi kila waliposhika koki ya shawa, na fundi akawaambia wavae kandambili wanapooga. Huo ni ushauri wa kuua mtu. Shawa inayopiga shoti izimwe kabisa mpaka aitwe fundi umeme mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania Bara hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na fundi bomba anayesema waziwazi kwamba hapo kazi yake imekoma aheshimiwe kwa kusema hivyo.

Cheti cha VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, kina thamani, na mamlaka hiyo ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini. Hata hivyo, mimi huangalia zaidi fundi anauliza nini anapofika: tatizo lilianza lini, maji ya sinki yakoje, je, shawa hudhoofika tangi linapopungua.

Wapo watakaosema kwamba fundi akilipwa kwa kukagua atatazama juujuu na kuondoka na pesa zetu. Wasiwasi huo una msingi, na ndiyo maana makubaliano yafanyike mapema, kwa ujumbe wa simu ikiwezekana: atapima nini, ataonyesha nini, na kifaa kitakachotolewa kibaki kwa mwenye nyumba. Wapangaji hasa watafaidika, kwa kuwa picha ya valvu iliyovunjika humfikia mwenye nyumba haraka kuliko malalamiko. Nisichokubaliana nacho ni desturi ya kuikata pesa ya ukaguzi kutoka kwenye hela ya ufundi kazi inapoendelea, maana hapo ukaguzi unarudi kuwa wa bure na fundi anarudi kutegemea kubadilisha vifaa. Fundi aliyegundua kwamba tatizo ni mchanga tu, akakisugua kichujio kwa mswaki mkuukuu na kukirudisha bila kuuza kitu chochote, alipwe ukaguzi wake wote pamoja na nauli.